Nilivyoandika kitabu cha kujisaidia

Mhariri wangu alicheka kabla hajafika ukurasa wa pili. Juu ya mswada nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: "Kitabu cha Kujisaidia kwa Mwenye Moyo Mzito." Akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Dada, mtu akiaga kwamba anakwenda kujisaidia, huwa anakwenda wapi?"

Nilikuwa na miaka 11 katika kazi ya ushauri nasaha. Nimesoma, nimesimamiwa, nimesimamia wengine, na jambo hilo halikuwahi kunijia, kwa sababu kitabu kizima nilikuwa nimekiwaza kwa Kiingereza kisha nikakivisha nguo za Kiswahili. Wenye Kiingereza hawana taabu na jina. Tangu 1859, Samuel Smiles, daktari wa Uskoti, alipokiita kitabu chake "Self-Help", aina nzima ya vitabu imelirithi jina hilo. Sisi bado tunalitafuta letu. Jina nililibadilisha jioni ileile, nikalala nikidhani kosa la kitabu lilikuwa hilo na limekwisha.

Toleo la kwanza likatoka. Haikupita miaka miwili nikawa naandika la pili, na sehemu kubwa ya ninayosimulia hapa ni yaliyotokea katikati. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu, washauri, wauguzi, walimu na viongozi wa dini, wanaoniambia, "Na mimi nina kitabu kichwani, nianzie wapi?"

Mimi nilianzia kwenye uchovu. Kila wiki nilikuwa nawaambia watu sita au saba maneno yaleyale: kwamba usiku wa kukosa usingizi huyapa matatizo ukubwa yasiokuwa nao, kwamba kuna tofauti kati ya lililotokea na lile unalodhani lina maana gani, kwamba kuombwa jambo si amri ya kulifanya. Orodha ya waliokuwa wakisubiri nafasi ilikuwa ndefu. Nikasema nikiyaandika haya, anayesubiri atakuwa na cha kushika mkononi. Nia ilikuwa njema. Pia nilitaka kuonekana, na afadhali niliseme hilo mapema, maana kutaka kuonekana ndiko kulikonifanya nisiulize maswali niliyopaswa kuuliza.

Kila mshauri ana vitabu viwili vitatu vilivyomlea. Cha kwanza changu ni cha Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepitishwa kwenye kambi nne za Wanazi na kutoka akiwa amempoteza baba, mama, kaka na mke. Kitabu kile alikisema kwa mdomo kwa siku 9 mwaka 1945, wengine wakiandika, na kikatoka 1946. Alikusudia kitoke bila jina lake. Changu mimi kilinichukua miezi 26, na jina langu nilitaka liwe kubwa kuliko kichwa cha kitabu. Sisemi hivyo kwa mzaha tu. Frankl alikuwa na jambo moja la kusema, kwamba binadamu huvumilia mengi akiwa na sababu ya kuyavumilia, na alikuwa amelilipia. Mimi nilikuwa na mambo 40, mengi ya mkopo.

Wa pili ni Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Kuna wanaomwona anachosha, na kweli anarudiarudia, lakini makala yake ya 1957 ndiyo iliyonifundisha kukaa kwenye kiti. Anataja mambo yanayomfanya mtu abadilike mbele ya mwenzake: mshauri awe mkweli kwa nafsi yake, amkubali mteja bila masharti, amwelewe kutoka ndani, na mteja ayaone hayo angalau kidogo. Hilo la mwisho huwa tunalipita haraka. Haitoshi mimi nikukubali. Lazima wewe uone kwamba umekubaliwa. Nililisoma nikiwa mwanafunzi, nikalipigia mstari, na nilipoandika kitabu changu nikalisahau kabisa.

Wa tatu ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, na ninampenda kwa namna alivyoshindwa. Alianza akiwa mfuasi wa Freud, yule aliyetafuta chanzo cha maradhi ya akili katika mambo yaliyojificha ndani ya mtu. Alitaka kuthibitisha kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni hasira ambayo mtu ameigeuzia ndani yake, akaanza kuchunguza ndoto za wagonjwa wake. Ile hasira hakuikuta. Alikuta ndoto za kushindwa, za kupoteza, za kuachwa. Angeweza kulazimisha, wengi hulazimisha. Yeye akaanza kusikiliza fikra zinazowapita watu kichwani upesi bila wao kuziona, na humo ikatoka tiba nzima, aliyoifafanua na wenzake katika kitabu cha 1979.

Kisha Irvin Yalom, daktari wa akili naye, aliyeandika 1989 hadithi za wagonjwa 10 kwa kalamu ya mtunzi. Huyu nitamrudia, maana ndiye niliyemwiga vibaya kuliko wote.

Basi nikakaa kila usiku baada ya watoto kulala. Sura ya kwanza ilikuwa ya Beck. Nikamwelekeza msomaji achore mistari kwenye daftari, upande mmoja aandike tukio, wa pili aandike mawazo yake, wa tatu hisia zake. Zoezi hilo nimelifanya na wateja mamia, linafanya kazi. Nikawapa watu wanane mswada ili walijaribu zoezi hilo. Waliporudisha madaftari, wawili walikuwa wameacha safu ya mawazo tupu, na mmoja kaandika, "Siku hizi namshukuru Mungu sina mawazo."

Nilikodolea macho ile sentensi kama dakika nzima. Bila shaka. Kwetu mtu "mwenye mawazo" ni mtu aliyefikwa. Tukimwona mwenzetu kainama tunasema ana mawazo, na tukitaka kumtuliza tunamwambia aache mawazo. Nilikuwa nawaomba watu waandike shida zao nikidhani nawaomba waandike yanayowapita kichwani. Ofisini kosa hilo halikunipata kamwe, kwa sababu ofisini nikiona uso umejikunja nalibadilisha swali palepale bila hata kujua nimelibadilisha. Nasema, "Pale simu ilipoita, ni nini kilikupitia kichwani?" na mazungumzo yanaendelea. Kitabu hakioni uso uliojikunja.

Baada ya hapo nilipitia msamiati wote upya na nikaogopa. Nilikuwa nimeandika "jione", nikimaanisha jitambue, jipe thamani. Lakini mtu anayejiona ni mwenye majivuno, na hakuna msomaji anayetaka kununua kitabu kimfundishe majivuno. "Jipende" nayo ilisomwa na mzee mmoja kama "uwe mbinafsi". "Weka mipaka" ilimfanya dada mmoja aniulize kwa nini nimeleta habari za mashamba. Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenzangu anayeandika ni huo: kabla hujaandika sura hata moja, kaa na daftari wiki mbili uandike maneno ambayo wateja wako wenyewe huyatumia. Wangu hawasemi "nina sonona". Wanasema mwili umechoka na hawakufanya kazi. Wanasema wapo wapo tu. Mmoja aliniambia anaamka asubuhi akiwa tayari amekwisha kuchelewa. Sentensi kama hiyo inafanya kazi ya kurasa tatu za ufafanuzi.

Sasa yale ya mkopo.

Kuna mambo ambayo kila mtu katika kazi yetu anayasema, na kwa kuwa kila mtu anayasema, hakuna anayekwenda kuyatazama yalikotoka. Nilikuwa nimeandika kwamba tabia mpya hukaa baada ya siku 21. Msimamizi wangu wa kitaaluma, mama mtulivu asiyependa kubishana, alizungushia duara namba ile akaandika pembeni: "Nani kasema?" Nilikwenda kutafuta nikiwa na hasira. Aliyesema alikuwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, katika kitabu cha 1960: aliona wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakaondoa "angalau", wakaondoa sura, ikabaki sheria. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 kweli, katika utafiti uliochapishwa 2010, wastani ulikuwa siku 66, wengine 18, na kwa makadirio yao wengine ilikuwa ichukue siku 254. Fikiria yule wa 254 anasoma kitabu changu, anafika siku ya 22, hajabadilika. Atamlaumu nani? Nilifuta namba.

Ukurasa wa mbele kabisa, peke yake, kwa maandishi ya mlazo, niliweka ule usemi wa Frankl kwamba kati ya jambo linalokupata na jibu lako kuna nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo ulimo uhuru wako. Usemi mzuri sana. Frankl hakuuandika. Stephen Covey, mwandishi wa Marekani aliyeueneza, alieleza kwamba aliukuta kwenye kitabu maktabani na hakukumbuka mwandishi ni nani. Hili sikuligundua kwenye mswada. Niligundua kitabu kikiwa kimeshachapwa, msomaji mmoja aliponiuliza upo katika sura ipi, nami nikasoma kitabu cha Frankl chote usiku mmoja, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikiutafuta. Aibu yake ilikuwa ya aina mbili: usemi haumo, na nilikuwa nimesahau nusu ya yaliyomo.

Hayo mawili yaliniumiza kichwa tu. Haya mawili yanayofuata yaliumiza watu.

Nilikuwa na sura ya msiba. Niliiandika kwa hatua tano, kama nilivyofundishwa: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali. Kila hatua nikaipa kurasa nne na zoezi moja. Ilipendwa, ilikuwa sura iliyosifiwa kuliko zote. Miezi michache baadaye alikuja mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, kitabu mkononi, kimekunjwa pembe za kurasa. Akanisalimia, akakaa, akasema, "Binti yangu, mimi nimekwama. Hatua ya hasira nimeingoja mwaka mzima haijaja. Nimekaa nikijiuliza kama nilimpenda kweli."

Naomba uisome tena kauli hiyo taratibu, kama una nia ya kuandika kitabu.

Elisabeth Kübler-Ross, aliyezitoa hatua hizo mwaka 1969, alikuwa amezungumza hospitalini Chicago na wagonjwa zaidi ya 200 waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Hakuwa ameanza na wafiwa. Baadaye hatua zikahamishiwa kwa wafiwa, na zikapangwa kama ngazi ambayo lazima mtu aipande moja baada ya nyingine. Mimi ni mmoja wa waliopanga. Mzee wa watu alikuwa amepewa na mimi mtihani wa mapenzi yake kwa mkewe, na akajiona amefeli.

Toleo la pili sura ile niliianzisha upya kwa kutumia kazi ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, ya 1999, ambayo nafikiri inafanana zaidi na wafiwa ninaowajua: mtu huenda na kurudi. Asubuhi analia juu ya nguo kabatini, mchana anagombana na fundi juu ya bomba linalovuja, jioni anacheka jambo kisha anajisuta kwa kucheka. Kwenda na kurudi huko ndiko kuomboleza kwenyewe. Sikuweka ngazi wala zoezi. Nilipomsomea mzee yule rasimu yake alinyamaza muda, akasema tu kwamba habari ya bomba ni kweli.

La pili ni la kioo. Nilimwelekeza msomaji asimame mbele ya kioo kila asubuhi ajiambie mara kumi, "Mimi ni mtu wa thamani, ninastahili kupendwa." Limo katika vitabu vingi sana, na sikuwahi kuliuliza lilikotoka. Dada mmoja aliniandikia barua fupi: amelifanya siku tisa, na kila akisema sentensi ile anasikia sauti kichwani ikicheka na kumtajia sababu za kwa nini si kweli. Siku ya kumi hakuamka kitandani.

Nilitafuta, nikaukuta utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa Kanada, 2009. Waliwapa watu sentensi ya namna hiyohiyo wairudie. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani wale hasa ambao mimi nilikuwa nawaandikia, walijisikia vibaya zaidi kuliko kama wasingesema kitu. Dawa inamfaa asiyeumwa. Ukilifikiri ni jambo la wazi: mtu akiambiwa asichokiamini, moyo wake hutoa ushahidi wa kupinga. Albert Ellis, mwanasaikolojia aliyeanza kuandika kuhusu fikra na hisia tangu miaka ya 1950, hakumwambia mtu ajisifu. Alimwonyesha ni wapi amejiwekea "lazima". Lazima nifanye vizuri, lazima watu wanitendee haki, lazima maisha yawe mepesi. Kiswahili kimetubariki na neno hilo, kila msomaji analijua uzito wake. Kwa hiyo mahali pa kioo niliweka kazi ndogo: kwa siku moja hesabu mara ngapi umejiambia "lazima", basi, usibadilishe kitu. Yule dada ndiye aliyeijaribu kwanza. Alihesabu 31 hadi saa sita mchana akaacha.

Katikati ya mashaka hayo nilianza kuuliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: hivi vitabu vinasaidia kweli mtu akiwa peke yake? Na hapo, kwa kejeli ambayo mhariri wangu hakuacha kunikumbusha, jibu la kwanza lililonishika lilihusu kujisaidia kwa maana ile nyingine. Mwaka 1974 Nathan Azrin na Richard Foxx walitoa kitabu cha kumfundisha mtoto kutumia choo chini ya siku moja. Mwaka 1977 Johnny Matson na Thomas Ollendick walikipima. Akina mama watano walisimamiwa na mtaalamu wakati wakikifuata, wanne walifaulu. Wengine watano walipewa kitabu peke yake; alifaulu mmoja. Kitabu kilikuwa kilekile. Ni watu kumi tu, sitaki kukijengea nyumba kisa hicho, lakini nilikibandika ukutani.

Upande wa pili wapo akina Forrest Scogin, Marekani, waliowapa watu wenye sonona isiyo kali kitabu cha David Burns cha 1980, kilichotokana na kazi ya Beck, wakisome kwa wiki nne. Walipata nafuu kuliko waliokuwa bado wakisubiri zamu. Nilifurahi sana, ndilo jibu nililolitaka. Kisha nikasoma utaratibu wenyewe: kila wiki msomaji alipigiwa simu fupi. Hakupewa ushauri, aliulizwa tu amefika wapi. Mtu mmoja, mahali fulani, alikuwa anajua kwamba anasoma.

Nikamkumbuka Rogers na lile sharti nililolipigia mstari nikalisahau. Ukurasa hauwezi kumwonyesha msomaji kwamba ameeleweka, maana haumjui. Unaweza kumtafutia mtu. Toleo la pili lina jambo moja ambalo la kwanza halikuwa nalo: mwanzoni kabisa namwomba msomaji amtaje mtu mmoja atakayemwambia, "Nasoma kitabu hiki, niulize Jumapili nimefika wapi." Awe ndugu, jirani, yeyote asiyependa kuhubiri. Wachache hulifanya. Wanaolifanya ndio wanaomaliza, kwa niliowaona mimi.

Na kabla ya ombi hilo kuna jambo jingine nililolitoa ukurasa wa 143. Huko ndiko nilikokuwa nimeandika kwamba mtu anayefikiria kujiua asiendelee kusoma, amwambie mtu usiku huohuo na atafute huduma ya afya. Ukurasa wa 143! Nani akiwa katika hali hiyo anafika huko? Sasa ni aya ya kwanza ya kitabu, kabla ya utangulizi. Mchapaji alisema inaharibu mwonekano. Iliachwa iharibu.

Mengine nayapitia haraka. Gharama: usimtegemee mchapaji peke yake kwa uhariri, tafuta msomaji wa kitaaluma umlipe, kabla ya kupanga kurasa, maana kubadilisha aya moja baada ya hapo hukugharimu kama sura. Toleo la pili lilikula akiba yangu yote ya mwaka ule na sijairudisha. Muda: niliandika usiku na kusikiliza watu mchana, na ikafika siku mteja analia nami nikajikuta natunga kichwani namna ya kuiandika ile hali. Nilimweleza msimamizi wangu. Alinipunguzia wateja kwa miezi mitatu, hakunikaripia, na huo ukimya wake nimeukumbuka kuliko karipio. Nyumbani, mume wangu alisema mara moja tu kwamba ningemtendea kama ninavyomtendea msomaji, angenunua nakala mbili. Niliicheka. Haikuwa ya kuchekwa sana.

Limebaki la Yalom.

Kitabu changu kilihitaji hadithi, na hadithi nilikuwa nazo. Nilifanya nilivyoona wengine wanafanya: nikabadilisha jina, kazi, umri, idadi ya watoto. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye siku moja aliniambia sentensi ambayo sikuweza kuisahau: "Nyumba yetu ina watu sita, na mimi simo." Kila kitu chake nilikibadilisha ila sentensi hiyo. Ilikuwa nzuri mno. Niliipa mstari wa peke yake.

Alikuja ofisini wiki mbili baada ya kitabu kutoka. Hakukaa. "Mshauri, dada yangu kanisomea kitabu chako kwa simu. Alipofika pale akanyamaza. Akaniuliza, hii si wewe?" Sentensi ile alikuwa amewahi kumwambia dada yake pia. Jina nililolificha halikuficha kitu, kwa sababu mtu hutambulikana kwa anavyosema kuliko kwa kazi anayofanya. Nikaomba radhi. Akasema amesikia, akatoka, na kwa miezi minane hakurudi. Nilikuwa nimemfanyia kile alichonilalamikia kuhusu nyumba yake: nimezungumza juu yake kama hayupo.

Nilirudi kwa Yalom kutafuta alivyofanya yeye. Ipo pale mwanzoni, katika shukrani, mahali ambapo wasomaji hatusomi: kila mgonjwa alisoma kila mstari wa hadithi yake, akaukubali, isipokuwa mmoja aliyefariki kabla kitabu hakijakamilika. Nilikuwa nimeiga kalamu yake nikaacha uaminifu wake. Kwa hiyo kama utaandika, usitegemee kubadilisha majina. Ruhusa iwe kwa maandishi, mteja asome, apewe siku za kufikiri, na ajue kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika kati yenu. Wengine hukubali kwa sababu tu wanaogopa kukuudhi. Hao wahesabu kuwa wamekataa. Kwenye toleo la pili niliondoa hadithi saba kati ya kumi na mbili.

Ya kwake niliiondoa ya kwanza. Kisha siku moja akarudi mwenyewe, akapanga miadi kama mtu mwingine yeyote, na mwisho wa saa akauliza, "Ile habari yangu umeitupa?" Nikamwambia nimeitoa. Akasema kuna mwenzake kazini ambaye ingemfaa, na kama nitaiweka tena basi yeye aisome kwanza. Haya ninayoyasimulia hapa pia ameyasoma.

Nilimpa kurasa nne na kalamu. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alikata mtoto mmoja niliyembunia, alikata kilio ambacho anasema hakulia. Alipofika kwenye ile sentensi alisimama, akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Hata hii hukuisikia vizuri," akasema. "Mimi sikusema 'na mimi simo'. Nilisema 'na mimi bado simo'."

Akaliandika mwenyewe, "bado", kwa herufi ndogo juu ya mstari, akanirudishia kalamu.